Mguu wa Kulia wa Fundi Pindo

Fundi Pindo alikuwa mtu wa maneno mengi na suruali nzuri. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna aliyetoka dukani kwake bila kuambiwa kwamba shati linaweza kusamehewa mengi, lakini pindo la suruali humtangaza mtu kabla hajafungua mdomo. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba kilichotazama barabara. Cherehani ya miguu ilikaa karibu na mlango ipate mwanga, meza ya kukatia katikati, na nyuma kabisa pazia la kitambaa cha bitana lililoficha mahali pa kujaribia nguo. Ukipita pazia hilo na mlango mmoja zaidi, umeshaingia nyumbani kwake: sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala, na ua mdogo wenye kamba za kuanikia.

Mkewe alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Tangu hapo nyumba ile ilibaki na wanaume wawili, yeye na mwanawe wa pekee, fundi wa simu, ambao waliweza kumaliza mlo mzima wakibishana nani ataosha sufuria.

Kisha mwana akaoa. Aliyemleta alikuwa mwalimu wa kuogelea katika bwawa la umma, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, mpole mno, anayeongea kwa sauti ndogo hata siku moja Fundi akamwuliza mwanawe pembeni kama mkewe anaumwa koo. Mwana alicheka tu, akamwambia baba yake aende bwawani siku moja akasikilize.

Nafasi ikapatikana. Klabu ya bwawa ilimpa Fundi kazi ya kufupisha mikono ya makoti ya michezo, na alipoimaliza aliyafunga makoti yale kwa kamba akayapeleka mwenyewe. Alipofika getini alisikia kipenga, kisha sauti ya mwanamke ikipita juu ya maji mpaka ukuta wa pili na kurudi.

"Kiwiko juu! Unayavuta maji au unayapapasa?"

Aliyekuwa akiambiwa hivyo ni mtu mzima mwenye kitambi, mwenye cheo chake huko mjini, na alikuwa anatii. Fundi alisimama na furushi lake begani, akamtazama mkwe wake akitembea kando ya bwawa na kipenga mdomoni, akiinama hapa, akinyoosha mkono pale kuonyesha namna kiganja kinavyoingia majini. Watu wazima kwa vijana, wote walikuwa wanamsikiliza. Kifua kilimjaa. Na Fundi akijaa kifua, mdomo nao hufunguka. Akamwambia aliyekuja kupokea makoti kwamba kuogelea ni jambo la damu katika familia ile, kwamba yeye mwenyewe utotoni alikuwa samaki.

Ukweli ni kwamba alijifunza kuogelea katika dimbwi lililojaa mvua kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, karibu na nyumba ya wazazi wake. Kila alipoisimulia habari hiyo machimbo yalizidi kina. Siku ile yalifika kina cha ghorofa tatu, na waliosikia wakamwomba aje Jumamosi awaonyeshe.

Jumamosi alikuja. Alikuwa amevaa kaptura ya kuogelea aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha suti, yenye mifuko miwili na pindo lisilo na kasoro. Alisalimia watu wote, akavuta pumzi, akaruka. Kwa muda mfupi ilikuwa kazi ya kutazamwa: kichwa juu kama cha bata, mikono ikipiga maji kulia na kushoto, povu kila upande. Lakini mifuko ilijaa maji, kitambaa cha suti kikanywa mengine, na kabla hajafika katikati miguu ilikuwa imeshazama na kichwa kinatafuta dari. Aliikumbatia kamba inayotenga njia, akabaki hapo akipumua, huku akitabasamu kama mtu aliyesimama kwa hiari yake.

Mkwe wake alitembea taratibu mpaka usawa wake, akachuchumaa. "Umejitahidi, Baba," alisema, kwa ile sauti yake ya nyumbani.

Jioni, wakinywa chai sebuleni, Fundi alimwomba amwambie ukweli. Mkwe akamtazama mumewe. Mumewe, ambaye aliogopa maji tangu utoto na hata beseni aliliheshimu, akaitazama taa.

"Mikono yako ni mizuri, Baba," mkwe alisema mwishowe.

"Na vingine?"

"Vingine vinafundishika."

Basi ndivyo alivyoanza, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Alinunua kaptura ya dukani, nyeusi, ya kubana, ambayo aliivaa kwa huzuni kwa sababu mishono yake ilikuwa ya mashine ya kiwandani. Mkwe alimwanzisha na pumzi. Alimweleza kwamba mtu akiinua kichwa, miguu huzama, kwa hiyo lazima uso uingie majini na pumzi itolewe humo humo, polepole, kisha kichwa kitoke mara moja kuvuta nyingine. Fundi alifanya zoezi hilo uani akiwa ameinamia beseni la kufulia, akipuliza mapovu. Jirani wa upande wa pili alimwona juu ya ukuta akadhani anatapika, akamletea ndimu.

Mtindo huru haukumkubali. Lakini mtindo wa chura ulimkubali mara moja, angalau mikononi. Viganja vilikwenda mbele pamoja, vikatanuka, vikayakusanya maji kuja kifuani, kisha vikachomoka tena mbele kama vinapita kwenye mkono wa koti. Mkwe aliwahi kusimamisha wenzake wamtazame. Fundi mwenyewe alipenda zaidi kile kipande cha mwisho, mwili unaponyooka na kuteleza baada ya miguu kusukuma. Alisema ni wakati pekee maishani mwake alipofika mahali bila kufanya kazi.

Tatizo lilikuwa mguu wa kulia. Katika mtindo wa chura miguu yote miwili hukunjwa pamoja, nyayo hugeuzwa nje pamoja, husukuma pamoja na kufunga pamoja, na sheria haina mchezo katika hilo. Mguu wa kushoto wa Fundi ulifanya yote hayo. Wa kulia ulichelewa kidogo, kisha ukashusha vidole chini na kukanyaga, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Mkwe wake aliliona jambo hilo wiki ya kwanza. Angekuwa mtu mwingine, bwawa zima lingelisikia. Kwa baba mkwe alikuja ukingoni, akainama, akamwambia kwamba akipata nafasi, na ule mguu wa kulia pia autazame kidogo.

Fundi alimshukuru na kuendelea. Alidhani ni salamu.

Yakaja mashindano ya waliovuka miaka arobaini, yaliyogawanywa kwa umri. Kundi la sitini na kuendelea lilikuwa na watu sita, miongoni mwao mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe ambaye kila mtu alisema ndiye wa kushindana naye. Ilikuwa mita hamsini, kwenda na kurudi mara moja. Fundi alikuwa ameshawaambia wateja wote, na wachache walikuja wakiwa wamevaa suruali zake.

Kipenga kilipolia aliruka vizuri, uso majini, mikono ikifanya kazi yake nzuri. Kwenye kugeuka walikuwa sawa na mwenye ndevu. Kurudi, Fundi alimpita, akagusa ukuta kwa viganja vyote viwili kama alivyofundishwa, akainua mikono juu. Wateja wakasimama. Mwanawe, aliyekaa safu ya nyuma kabisa mbali na maji, akapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Ila mkwe wake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mwamuzi, mama mmoja mwenye kofia nyeupe na miwani, aliyekuwa akitembea kando ya bwawa tangu mwanzo na ambaye katikati ya mbio alikuwa ameinua mkono. Tangazo lilisomwa: mshindi ni mwenye ndevu nyeupe. Fundi Pindo ameondolewa.

Fundi alitoka majini akiwa na hasira za mtu aliyedhulumiwa. Alimfuata mwamuzi, maji yakimchuruzika, akamwuliza mbele ya watu kama miwani ile ni ya kusomea au ya kuonea mbali. Mama yule hakukasirika.

"Mzee wangu," alisema, "mguu wako wa kushoto unaogelea. Wa kulia unafanya kazi nyingine."

Wakarudi nyumbani. Chai ilimiminwa, wakainywa bila kutazamana. Mwana alijitia kuwa na shughuli na simu ya mteja iliyokuwa imeshapona siku mbili nyuma. Hatimaye Fundi akauliza bila kuinua macho, "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia niutazame nikipata nafasi."

Mkwe aliweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Yule mwenye kitambi akikosea namwambia anaogelea kama kabati. Anacheka, anarekebisha, yanaisha. Wewe ni baba yangu. Nikuambie vipi kwamba unaogelea kama kabati?"

Fundi akainua macho.

"Ninaogelea kama kabati?"

"Mlango mmoja tu wa kabati."

Mwana ndiye aliyeanza. Alijizuia, akashindwa, chai ikamtoka puani, na alipoanza yeye wote wakafuata, Fundi akicheka mpaka akashika mbavu. Walipotulia, alimgeukia mkwe wake akazungumza naye kwa upole. Alimwuliza: mteja akija kujaribu koti, likambana makwapani, na fundi akamwambia limemkaa vizuri kwa sababu tu ni mtu mzima, je, amemheshimu au amemwibia? Mkwe alielewa. Wakapatana pale pale kwamba ndani ya geti la bwawa yeye ni kocha na mzee ni mwanafunzi kama wengine, amwambie lolote, kwa sauti yoyote. Wakitoka nje ya geti, kila mtu arudi kwenye nafasi yake.

Siku iliyofuata Fundi alipoingia bwawani, alisikia kutoka upande wa pili, "Wewe! Njia ya tatu! Nani amekuambia upumzike?"

Watu waligeuka. Fundi akaingia njia ya tatu. Baadaye alimwambia mwanawe kwamba lile neno lilimgusa mahali. Tangu mkewe afariki, alisema, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia "wewe" kwa sauti ile.

Lakini kelele peke yake haikuuponya mguu. Alipigiwa kipenga, alipewa ubao wa kuelea aushike mbele ili afikirie miguu tu, alisimamishwa, alianzishwa upya. Alipokuwa anaufikiria, mguu wa kulia ulitii. Alipochoka, ulirudi kwenye kazi yake nyingine. Kocha akaanza kujiuliza kama ni umri, kama ni nyonga, kama kuna ajali ya zamani ambayo mzee hakuitaja.

Jibu alilipata bila kulitafuta. Mchana mmoja alimpelekea Fundi chakula dukani, akamkuta ameinamia suruali ya kijivu, cherehani ikiimba. Alisimama mlangoni kusubiri amalize mshono, na macho yake, kwa mazoea ya kazi, yakashuka miguuni. Akachuchumaa, sahani mkononi.

"Baba, usisimame. Endelea kushona."

Fundi akaendelea. Mguu wa kushoto ulikuwa nyuma ya kikanyagio, umelala tu, unafuata. Wa kulia ulikuwa mbele, vidole chini, kisigino juu, vidole chini, kisigino juu. Ulikuwa hivyo tangu alipokuwa kijana.

"Nimemwona," mkwe alisema.

"Nani?"

"Anayekufanya uondolewe. Mguu wako unashona, Baba. Ukichoka majini unarudi kazini."

Fundi alitazama chini, akautazama mguu wake kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake wa miaka mingi ana jina jingine. Kisha akafurahi sana. Ugonjwa wenye jina, alisema, umeshapona nusu.

Nusu iliyobaki ilifanyika dukani, kwa kuwa bwawa lilikuwa na saa zake. Mkwe alimfundisha kutembea kwa visigino kati ya mlango na pazia, vidole vimeinuliwa na kugeuzwa nje, na Fundi akawa anawapokea wateja hivyo, akiwapima kiuno kwa mwendo wa bata. Saa za mchana, kazi inapopungua, aliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akalala kifudifudi juu yake, na kocha akamshika vifundo vya miguu akiviongoza: kunja, geuza, sukuma, funga. Kunja, geuza, sukuma, funga.

Ndivyo alivyowakuta mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali. Aliona viatu vya fundi chini, fundi mwenyewe juu ya meza, futi ya kupimia shingoni, na mkwe mtu amekamata miguu. Fundi alimsalimia kutoka pale pale alipolala, akamwonyesha kwa kidevu msumari suruali ilipotundikwa. Mteja aliichukua na kuondoka bila hata kuijaribu. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila aliyeipokea aliitia chumvi yake.

Habari hiyo ilimfikia dada mkubwa wa Fundi, muuguzi mstaafu, ambaye mwana wa Fundi alimwita Shangazi na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo. Kesho yake alikuja na mwavuli na mkoba, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji, akayanywa yote kwanza. Kisha akasema aliyokuja nayo. Alisema mambo ya kuoga na kuruka ni ya watoto, na samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu mdogo wake alishakauka zamani. Hata hivyo hilo angeweza kulivumilia. Alichoshindwa ni mkwe kumshika baba mkwe miguu mbele ya barabara.

Mkwe aliinamisha kichwa. Fundi alimkumbusha dada yake kwamba yeye mwenyewe alishika miguu ya watu baki maisha yake yote ya kazi, tena na zaidi ya miguu.

"Nilishika," Shangazi alisema. "Lakini nilikuwa nimevaa sare."

Fundi akaitazama rafu ya vitambaa. "Kumbe ni sare tu," akasema.

Akaanza siku hiyo hiyo. Alichagua kitambaa cha buluu kilichokuwa kimebaki kwenye kazi kubwa, akampima mkwe wake mabega, akakiri kwamba hajawahi kukata mgongo mpana hivyo kwa mwanamke na kwamba ni raha kuukata. Akashona koti fupi la kazi lenye ukosi, mifuko miwili, na herufi nyeupe mgongoni: KOCHA. Shangazi alipoitwa kulikagua, aliligeuza ndani nje, akatazama bitana, akavuta mshono wa kwapa kwa vidole viwili, akakosa kasoro. Akaagiza livaliwe kila miguu inaposhikwa. Na akaongeza kwamba, kwa vile mambo yana sare, na yeye angependa kuja kuona hilo bwawa.

Kulibaki jambo moja gumu. Kocha alisema kwamba mguu ukijifunza kwa saa moja kisha ukarudi cherehanini kutwa nzima, hautasahau kushona kamwe. Akamtaka Fundi ashone kwa mguu wa kushoto.

Fundi aliona kama ameambiwa aandike kwa sikio. Lakini maji ukishayavulia nguo, na yeye alishayavulia ile kaptura nyeusi. Siku ya kwanza ya mguu wa kushoto gurudumu lilizunguka kinyume, uzi ukakatika, akautia, ukakatika tena. Siku ya pili cherehani ilikwenda, lakini kwa kushtuka-shtuka. Mwisho wa wiki alikuwa ameshona pindo la suruali ya mwalimu wa shule lililoyumba kama mlevi anayerudi kwake. Aliliinua kwenye mwanga wa mlango. Kwa miaka yote hakuwahi kufumua pindo lake mwenyewe. Akachukua wembe, akaketi kwenye kizingiti, akalifumua uzi kwa uzi, na wapita njia waliojua jina lake walipunguza mwendo. Mwanawe alimhurumia, akamwambia aachane na mambo hayo, nani atamlaumu. Fundi alimjibu kwamba alikuwa amesahau raha ya kutojua kitu, na amwache.

Uzuri wa mguu ni kwamba nao una aibu. Wa kulia, ukikaa bure kutwa, ulianza kuwa msikivu. Majini kocha alitembea kando ya njia ya tatu akiwa na koti lake la buluu, akipaza sauti kunja, geuza, na siku ikafika alipofunga mdomo akatembea kimya mpaka mwisho wa bwawa. Fundi aligusa ukuta, akainua miwani, akauliza kuna nini, mbona hasemi.

"Sina la kusema," kocha alijibu, na ilionekana wazi kwamba lilimshangaza hata yeye.

Mashindano ya pili yalikuja msimu uliofuata, bwawa lile lile, watu wale wale sita, mwamuzi yule yule mwenye kofia nyeupe. Safari hii Fundi hakuwatangazia wateja. Walikuja hata hivyo. Shangazi alikaa mstari wa mbele na mwavuli wake, ingawa juu kulikuwa na paa, akimweleza kila aliyekaa karibu kwamba yule wa njia ya tatu ni mdogo wake, alimbeba mgongoni utotoni.

Wakaruka. Mtu aliyetazama kwa ushabiki angesema Fundi ameharibika. Hakuwa na ile kasi ya kwanza. Mguu wake mpya ulikuwa sahihi, lakini bado ulikuwa mgeni, na mtu na mguu mgeni huenda kwa adabu. Mwenye ndevu nyeupe alimpita mapema, na mwingine akampita kwenye kugeuka. Lakini kila mara miguu ilikunjwa miwili, ikageuka miwili, ikafunga miwili, na baada ya kila kusukuma mwili ulinyooka ukateleza kimya, mrefu. Mama mwenye kofia nyeupe alikuwa anatembea kando yake, usawa na visigino vyake, mikono nyuma.

Fundi aligusa ukuta akiwa wa tatu. Hakutazama ubao wa matokeo wala mashabiki. Aligeuka kuitazama mikono ya mwamuzi. Ilikuwa bado nyuma ya mgongo. Alisubiri. Mama yule alifika mwisho wa bwawa, akaona anavyotazamwa, akaitoa mikono mbele na kuifungua, mitupu, ili aione vizuri.

"Nimeutazama mguu wako mpaka macho yameuma," alimwambia. "Hauna kosa."

Fundi aliweka paji la uso juu ya ukingo wa bwawa, akabaki hivyo kidogo. Kocha alipofika hakumpa hongera. Alisimama juu yake na koti lake, akamwambia kwa sauti ya bwawa zima kwamba alichelewa kuvuta pumzi baada ya kugeuka, kwamba kidevu kilipanda, na kwamba mivuto mitatu ya mwisho aliifanya kwa pupa kama mtu anayekimbilia choo. Shangazi alikaza mkono kwenye mwavuli. Fundi alisikiliza yote akitikisa kichwa, akauliza swali moja kuhusu kidevu, akajibiwa. Kisha kocha akapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, akamkumbatia shingo na kichwa chake kilicholowa, koti likalowa mpaka bitana, na wote wawili wakalia kidogo na kucheka zaidi.

Baada ya hapo Fundi alimtafuta mwamuzi akamwomba radhi kwa maneno ya siku ile kuhusu miwani. Mama alimwambia hakuyachukua moyoni, ila angependa kujua kama anashona sketi. Anashona, na siku hizi kwa miguu yote miwili, akibadilishana mmoja ukichoka.

Sasa ameanza mtindo wa chali. Kocha alidhani utamsaidia mabega, na umemsaidia, lakini umekuja na balaa lake. Katika mtindo wa chura uso uko majini, na bwawa lote lilipata utulivu kwa dakika kadhaa. Akilala chali mdomo uko juu, uko huru, na hakuna sheria inayoukataza. Jumapili iliyopita alikuwa anakwenda taratibu katika njia yake, tumbo juu, akimweleza yule mwenye kitambi wa njia ya pili namna ya kuchagua kitambaa cha suti kwa mtu mwenye umbo lake. Mwenye kitambi alikuwa ameacha kuogelea, ameshika kamba, anauliza kuhusu rangi. Kocha alipiga kipenga. Fundi alimpungia mkono mmoja, ule ambao kwa wakati huo ulitakiwa kuwa unavuta maji, akaenda hivyo mpaka kichwa kikagonga ukuta.